Riwaya za Ndege: Rubani, Bomu na Bibi Mhudumu

Kila likizo inapokaribia, vitabu wanavyobeba jamaa zetu wa hapa Uingereza kwenda navyo nyumbani ni vya aina moja. Ni riwaya nene za jalada jepesi, na juu ya jalada pana ndege, rubani mwenye kofia, na mwanamke aliyefungua kifungo kimoja zaidi ya kinachohitajika. Zinasomwa angani, zinaachwa Dar au Mombasa, na huko zinapita mkono hadi mkono mpaka kurasa zilegee. Maoni juu yake hayapatani. Wako wasemao ni uchafu mtupu, ingawa wanakumbuka uchafu huo uko ukurasa wa ngapi. Wako wanaolalamika kwamba mahaba yanawachelewesha kufika kwenye bomu. Nasi tuliosomea uhandisi tunashutumiwa kuwa tunasoma kwa kalamu nyekundu, tukikagua injini badala ya kufuata kisa. Shutuma hiyo haitusumbui. Anayeijua mashine huona mapema kama mwandishi anaujua mchezo wake.

Babu wa riwaya hizi ni Airport ya Arthur Hailey, iliyotoka mwaka 1968 na kuongoza mauzo ya riwaya Marekani mwaka huohuo. Hailey alizaliwa Luton, hapa hapa, akawa rubani katika jeshi la anga la Uingereza, kisha akahamia Kanada mwaka 1947. Kisa ni cha usiku mmoja wa dhoruba ya theluji katika uwanja wa ndege wa kubuni jirani na Chicago. Ndege moja imezama matopeni na kuziba njia ya kutulia. Ndoa ya meneja wa uwanja inavunjika. Na katika ndege iendayo Rome amepanda mtu aliyefilisika, ana baruti mkobani, na bima ya maisha ameikata pale pale uwanjani ili mkewe alipwe.

Wengi husema hapo Hailey ametia chumvi. Hakutia. Mwezi Mei mwaka 1962, Boeing 707 ya Continental iliyotoka Chicago kwenda Kansas City ililipuliwa namna hiyo hiyo: abiria mwenye bima kubwa aliwasha baruti chooni, mkia ukakatika, na watu wote 45 wakafa. Labda basi chumvi iko mwishoni, maana ndege ya Hailey inatoboka ubavu na bado inatua? Nalo linawezekana. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha, ikiwa futi 24,000 juu ya Hawaii, ilibanduka paa la sehemu yake ya mbele kwa sababu ya nyufa za uchovu wa metali, na marubani wakaitua. Waliokuwemo ni 95, aliyekufa mmoja. Huyo mmoja alikuwa mhudumu. Abiria walikuwa wamekaa na mikanda yao, yeye alikuwa amesimama akiwahudumia.

Na mhudumu ndiye anayetufanya tukirudie kitabu cha Hailey. Gwen Meighen ana mimba ya Kapteni Vernon Demerest, mume wa mtu. Demerest, kwa utulivu wa mtu anayesoma orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, anamweleza kwamba kampuni ina utaratibu wake kwa wahudumu wanaoshika mimba, na utaratibu huo una jina la kiofisi kabisa. Wapenda mahaba huliona pazia hili baridi. Kwetu sisi ndilo lenye moto kuliko yote, baruti ikiwemo. Katika miaka hiyo mashirika mengi ya Marekani yalimwachisha kazi mhudumu akiolewa. American Airlines, tangu 1953, ilikuwa na kanuni ya kuwaondoa kwenye kazi ya angani wakifikisha umri wa miaka 32. Gwen ameweka rehani riziki yake. Kapteni ameweka nini? Kofia yake iko pale pale kichwani.

Sasa linganisha na Coffee, Tea or Me? ya mwaka 1967, iliyouzwa kama kumbukumbu za kweli za wahudumu wawili wasioona haya, Trudy Baker na Rachel Jones. Watu waliicheka, wakaiamini. Kumbe majina ni ya kubuni, na mwandishi ni Donald Bain, mwanamume aliyekuwa akifanya kazi ya uhusiano katika kampuni ya ndege. Ukilijua hilo, kitabu kinabadilika mkononi. Wasichana wale hawachoki, hawavimbi miguu, hawahesabu mshahara, na kila abiria mwenye tai ni bahati iliyowashukia. Ni ndoto ya abiria mwenyewe iliyovishwa sare ya kike.

Msituambie ni mzaha tu. Ndoto hiyo imesafiri mbali kuliko kitabu. Binti zetu wanaovaa sare za mashirika ya Ghuba wanajua: kazi ikipatikana, mama anashangilia, na mjomba anauliza nani atamwoa. Hajasoma hata ukurasa mmoja wa Bain, lakini picha anayo kichwani.

Fear of Flying ya Erica Jong, ya mwaka 1973, tutaipita haraka. Inaanzia katika ndege iliyojaa wataalamu wa magonjwa ya nafsi wakielekea Vienna, na walioinunua kwa ajili ya ndege wakajikuta ardhini karibu kitabu kizima. Ni riwaya ya ndoa, na si mbaya, ila imewekwa rafu ya jirani.

Tunayoipendekeza ni Falling ya T. J. Newman, ya mwaka 2021. Newman alikuwa mhudumu wa ndege, na aliiandika katika safari za usiku abiria wakiwa wamelala. Mawakala 41 waliikataa kabla ya mmoja kuikubali. Rubani anaambiwa aiangushe ndege, la sivyo familia yake iliyotekwa itauawa. Mahaba humo ni haba, tunawaonya mapema, na adui zake wamechorwa kwa haraka. Lakini Jo, mhudumu, ndiye anayefikiri wakati mlango wa marubani umefungwa. Hailey alituonyesha uwanja wote kutoka ofisi ya meneja. Newman anatuonyesha ndege kutoka jikoni mwake, mahali ambapo kila mtu anapita na hakuna anayeangalia.

Kwa Kiswahili bado hatujaisoma riwaya ambayo mhudumu wa ndege ndiye shujaa, na kisa hakikosekani. Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliyoondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, na mwisho ikatua Stansted, Essex, ambako watekaji walijisalimisha tarehe 28. Siku tatu hizo palikuwa na watu waliowagawia maji abiria waliojaa hofu. Mwenye riwaya yao, hata iwe mswada tu, atuletee tuisome.