Mbwa wa Virginia walivyozoezwa kuishi nyumbani

Aprili 2007 polisi walipekua nyumba ya Michael Vick huko Surry, Virginia, Marekani, na mbwa wapatao 50 aina ya pit bull waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya kupiganishwa wakachukuliwa. Vick, nyota wa Atlanta Falcons, timu ya futiboli ya Kimarekani, alifungwa. Kuhusu mbwa, baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea wanyama, PETA likiwemo, yalitaka wauawe kwa hoja kwamba hawafugiki tena. Mahakama haikuwahukumu kwa mkupuo. Kila mmoja alipimwa peke yake, na Vick akatozwa takriban dola 928,000 za matunzo yao. Aliyeuawa kwa sababu ya ukali alikuwa mmoja tu. Mbwa 22 walipelekwa kituo cha Best Friends, Kanab, Utah. Wengine wakagawanywa kwa vikundi kadhaa, BAD RAP cha California kikiwa kimojawapo.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa upendo. Kwangu mimi kilichoshinda ni utaratibu.

Wapimaji walijiandaa kukuta ukali, wakakuta woga. Baadhi ya mbwa walijilaza chini wakabanana na sakafu kama chapati, wasitake hata kuinua kichwa. Hawakuwahi kuishi ndani ya nyumba: ngazi, televisheni, mlango unaobamizwa, vyote vilikuwa vitisho. Mbwa aliye katika hali hiyo ukimkumbatia, unamzibia njia ya kutokea, na hapo ndipo watu huumwa. (Kwetu akiletwa mbwa mgeni, kwanza huitwa watoto wote waje wamshike kichwa, kisha anafungwa mnyororo getini. Sijui tunategemea nini.)

Kazi ya kumzoeza mbwa wa namna hii huanza kwa kumpunguzia dunia. Apewe chumba kimoja au tundu lenye mlango wazi, ambamo hakuna mtu anayemfuata. Chakula kije saa zilezile, na mtu yuleyule akileta. Mlishaji akae chini ubavuubavu, asimkazie macho, atupe kipande cha nyama na kungoja. Mbwa ndiye asogee. Akigeuza uso, akijilamba pua wakati hakuna chakula, au weupe wa jicho ukionekana, amesema imetosha. Mtu arudi nyuma. Akinguruma, asikaripiwe, maana aliyenyamazishwa kwa kipigo siku nyingine huuma bila kutoa onyo. Wengine husaidiwa sana na mbwa mwenzao mtulivu: mwoga humwangalia yule akipita mlangoni salama, naye akajaribu.

Jambo ninalolisifu zaidi ni kwamba hata binadamu alipimwa. Waliotaka kuwachukua mbwa wa Kanab walichunguzwa, wakaishi nao miezi sita kwa majaribio kabla ya kukabidhiwa rasmi, na baadhi ya mbwa walilazimika kwanza kufaulu mtihani wa tabia njema mbele ya watu na mbwa wengine. Muda huo ulikuwa na maana yake. Wiki za mwanzo mbwa huweza kutulia kwa hofu tu, na mwenye nyumba akadhani amezoea, akamfungulia geti.

Wewe uliyechukua mbwa juzi, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, mfunge kamba kila mnapotoka nje, na majirani wanaotaka kuja kumwona waambie waje mwezi ujao.