Tatizo si "Mambo", ni "Niambie"

Kuna shtaka linazunguka sana siku hizi, hasa kwa dada zetu walioko kwenye programu za kutafuta wapenzi na kwenye inboksi za Instagram: mwanaume anayeanza na "Mambo" hana alichokuja nacho. Mvivu. Amekurushia neno moja, sasa wewe ndiyo uhangaike. Zamani haya yalikuwa malalamiko ya saluni tu, lakini sasa yanakuja na ushahidi wa kisayansi, na ushahidi ukishatajwa sisi huku tunapata sababu ya kuingilia.

Ushahidi wenyewe ni utafiti wa mwaka 2016 wa Gareth Tyson wa Queen Mary, London, na wenzake. Walifungua akaunti bandia kwenye Tinder, London na New York, wakaziacha zimkubali kila mtu aliye jirani, kisha wakahesabu kinachorudi. Akaunti zenye picha za kiume zilikubaliwa kwa asilimia 0.6. Za kike, asilimia 10.5. Halafu wakapima urefu wa ujumbe wa kwanza. Ukiupanga ujumbe wote wa wanaume kuanzia mfupi hadi mrefu, ule wa katikati ulikuwa na herufi 12. Wa wanawake ulikuwa na 122. Robo ya ujumbe wa wanaume haikufika hata herufi 6. Hebu hesabu "mambo". Tano.

Kabla sijaanza kulalamika, niseme kwamba kuna kitu kwenye utafiti huu nakipenda sana, nacho ni maelezo ya kwa nini hali iko hivyo. Mwanaume akiona anakubaliwa mara chache, anaacha kuchagua, anamkubali kila anayepita. Mwanamke akiona karibu kila anayemgusa anamkubali, anazidi kuchagua. Huyu akizidi kuchagua, yule anazidi kutupa nyavu ovyo, na yule akizidi kutupa nyavu, huyu anazidi kuchagua. Yaani mzunguko unajilisha wenyewe. Mtu aliyerusha ndoano mia moja kwa jioni moja hawezi kuandika barua mia moja. Herufi 12 hapo ni hesabu ya kawaida kabisa ya muda na matumaini, na huhitaji kumwita mtu mvivu wa kuzaliwa ili kuielewa.

Shida inaanza pale namba hizi zinapobebwa kutoka London, zikashushwa kwenye inboksi ya mtu wa Dodoma, na kuambiwa zinapima bidii.

Kwanza, herufi. Kwenye Kiswahili "Umeshakula?" ni herufi 11 ukihesabu na alama ya kuuliza. Ndani yake kuna mtu, wakati, jambo lililokamilika, kitenzi na swali. Mwingereza akitaka kusema hivyo anahitaji maneno matatu au manne. Kwa kipimo cha Tyson, mtu aliyeuliza kama umeshakula yuko nusu ya chini pamoja na aliyetuma kidole gumba. Anayefanya kazi ya kuhesabu maneno kwa kompyuta, kama mimi, anajua kwamba urefu ndicho kitu rahisi kuliko vyote kupima, ndiyo maana kila mtu anaupima.

Pili, hata hukohuko Marekani urefu haukusaidia sana. Elizabeth Bruch na Mark Newman wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa ujumbe wa tovuti ya kutafuta wapenzi kwenye miji minne: New York, Boston, Chicago na Seattle. Watu walipomwandikia mtu anayetamaniwa kuliko wao, waliandika marefu zaidi. Walipata nini? Karibu hakuna. Ni wanaume wa Seattle tu ndio waliona faida ya kuandika marefu. Wengine walimwaga wino bure.

Tatu, na hapa ndipo naona shtaka linaanguka, "Mambo" si habari. Ni kubisha hodi. Mwaka 1923 Bronisław Malinowski, aliyekuwa amefanya utafiti wake visiwa vya Trobriand, aliandika kwamba kuna maneno ambayo kazi yake si kupeleka taarifa bali kuwaunganisha watu. Sisi hatukuhitaji Malinowski kulijua hilo. Jibu la "Mambo" linajulikana hata kabla hujauliza: poa. Jibu la "Shikamoo" ni "Marahaba" hata kama anayejibu anaumwa jino. (Tusijadili kaka aliyemwandikia "Shikamoo" dada wa miaka 34 akitaka kumchumbia. Huyo aombewe.) Hata barua za mapenzi ambazo wazazi wetu wanazisifia kama kilele cha bidii zilianza na fomula ileile nchi nzima: dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Hakuna aliyesema fulani mvivu, amenakili. Fomula ilikuwa mlango, na kila mtu alisubiri kinachokuja baada ya mlango.

Sasa tuangalie kinachokuja baada ya mlango siku hizi. Mazungumzo haya nimeyatunga, ila sidhani kama kuna msomaji atasema hajawahi kuyaona:

– Mambo
– Poa, mambo
– Poa. Za kwako
– Salama tu
– Niambie
– Sina jipya. Wewe niambie

Kimya.

Hapa ndipo uvivu ulipo, kwenye mstari wa tano. "Mambo" inaomba kidogo, na jibu lake liko tayari kabatini. "Niambie" inaomba kila kitu bila kusema inataka nini. Anayeisema amevuka mlango, amekaa kwenye kochi, na sasa anasubiri mwenye nyumba alete chakula, maji ya kunawa na stori. Kati ya marafiki inafanya kazi vizuri, kwa sababu rafiki anajua niambie ipi: ya kazini, ya mdogo wako, ya yule jamaa. Kati ya watu wawili wasiojuana ni mzigo unaorushwa, na mwenzako akiurudisha kwa "wewe niambie" hana kosa. Amekataa tu kubeba peke yake.

Ukisikiliza watu wanavyosalimiana ana kwa ana, utaona mlolongo wetu wa salamu una dawa yake ndani. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na yule mgonjwa anaendeleaje. Kila "za" inasogea karibu zaidi na mtu huyu hasa. Ya kwanza unaweza kumuuliza yeyote stendi. Ya mwisho huwezi kuuliza kama hujui kwamba kuna mgonjwa. Kwenye simu tumehamisha ngazi mbili za kwanza tukaziacha zile za juu, kwa kisingizio kwamba hatujui nyumbani kwake wala watoto wake. Lakini ameandika profaili! Amesema anaishi wapi, ameweka picha na mbuzi wa bibi yake. Hiyo ndiyo nyumba unayoijua.

Na ushahidi wa swali la kufuatia upo. Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake wa Harvard waliangalia, pamoja na mambo mengine, mikutano ya wachumba ya dakika chache chache, ile ya kuhama kutoka meza hadi meza. Waliouliza zaidi maswali yanayotokana na jibu alilotoa mwenzao ndio waliokubaliwa zaidi kukutana tena. Swali lolote halitoshi. Ni lile linaloonyesha kwamba jibu la kwanza lilisikika.

Hili litazidi kuwa na uzito, kwa sababu ushauri wa kawaida, "andika ujumbe mrefu, wa kipekee", unaoza mbele ya macho yetu. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alieleza kwamba ishara inaaminika pale inapomgharimu zaidi asiye na sifa kuliko mwenye nazo. Alikuwa anazungumzia vyeti na ajira, lakini aya tatu tamu kwenye inboksi nazo zilikuwa ishara ya namna hiyo: asiyekutaka kwa dhati asingekaa nusu saa kuziandika. Leo programu ya akili bandia inaandika aya hizo kwa sekunde tano, za Kiswahili fasaha kabisa, na kumtumia kila mtu yake. Kwa mantiki ya Spence, aya tatu sasa zinakuambia kidogo kuliko zamani. Mimi binafsi nikiona ujumbe wa kwanza umenyooka sana, naanza kutafuta kiungo cha kutuma pesa.

Lakini wanaoitetea "Mambo" wasishangilie mapema. Kwenye data ya Bruch na Newman kuna mwanamke mmoja wa New York, miaka 30, aliyepokea ujumbe 1,504 kwa mwezi. Huo ni karibu mmoja kila nusu saa, usiku na mchana. Barabarani, mtu akikusalimu unaitikia, na asiyeitikia salamu tunamwona hana adabu. Kanuni hiyo ni nzuri kwa sababu kijiji kizima hakiwezi kukusalimu kwa mpigo. Kwenye simu kinaweza. Halafu asipojibu, zinafuata zile nyingine: "mbona kimya", "unaringa", "yaani salamu tu inakushinda?" Hapo adabu ya salamu imegeuzwa fimbo. Mtu anadaiwa jibu na watu ambao hakuwahi kuwaona, na kila jibu la "poa" linachukuliwa kama mlango uliofunguliwa. Naielewa kabisa hasira ya dada anayesema hataki kuiona "Mambo" tena. Ninachobisha ni kwamba neno lenyewe linamuudhi. Linalomchosha ni idadi, na deni linaloambatana nalo.

Kwa hiyo kama profaili yake inasema anaishi Tanga, kuna kitu kinaweza kutumwa bila kuchelewa na bila kuomba msaada wa mashine: "Za Tanga?" Nimehesabu, nafasi na alama ya kuuliza zikiwemo. Ni herufi 9. Kwenye jedwali la Tyson ingekaa kapu moja na wavivu.