JRO–DAR: Mstari na Ulichokiacha Nje

Mstari wenyewe wa tiketi ya ndege ni mfupi: JRO–DAR, saa 1 na dakika 15. Hauna kitenzi wala mtendaji. Hata Arusha, mji ambao abiria anadhani anaondokea, haumo. Herufi JRO zimechotwa mkiani mwa jina la Kilimanjaro, na KIA, uwanja uliofunguliwa mwaka 1971, uko wilaya ya Hai, kwenye tambarare kati ya Arusha na Moshi. Mlima Meru haukuambulia hata herufi moja.

Kwa msomaji wa Usa River pengo hilo lina uzito, maana yeye anaishi ndani ya sehemu iliyokatwa. Anapita Maji ya Chai, Kikatiti na King'ori, kisha anakunja kulia kuelekea uwanjani. Kuna saa za kuripoti kabla ya kupanda, kuna kusubiri mizigo, kuna foleni ya kuingia mjini Dar. Ile saa na robo ni kweli, ila ni kweli ya angani tu.

Sasa soma tiketi ya basi, ile ya zamani ya kitabu, ya kalamu na kaboni: kuripoti saa 11:30 alfajiri, kuondoka saa 12:00. Saa ya kufika? Haipo. Aliyeiandika anaijua Same, anaijua Korogwe na Segera na Chalinze, anaijua mizani na matuta katika kilomita zaidi ya 600, akaona heri mwisho ubaki wazi. Ndege hukata moja kwa moja, kama kilomita 450, nayo hutangaza mwisho kabla ya mwanzo. Kwa ufundi wa kusimulia, mimi nampa alama mwenye basi.

Ujanja wa tiketi ya ndege huonekana zaidi safari ikitoka mbali. Amsterdam hadi KIA ni karibu kilomita 6,900. Tuseme imeandikwa kuondoka 10:00, kufika 20:30, mwezi Januari. Ukitoa, unapata saa kumi na nusu; angani ni nane na nusu, kwa kuwa majira hayo Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa mbili. (Kiangazi cha kwao inakuwa moja.) Hakuna uongo: kila tarakimu ni sahihi kwao ilikotoka. Ila saa za miji miwili zimewekwa bega kwa bega bila kiunganishi, na hesabu ameachiwa abiria.

Pabaya zaidi ni usiku wa manane. Tiketi ya kutoka KIA kwenda Ulaya inasema 00:40, tarehe 14. Sisi tungesema usiku wa kuamkia tarehe 14, na msikilizaji angejua afunge begi tarehe 13 jioni. Anayesoma tarakimu peke yake atafika KIA jioni ya tarehe 14, mizigo mkononi, na ndege yake imeshatua Ulaya tangu asubuhi.