Mkono Juu ya Jivu

Kabla ya kufungua mzigo wa kuni, mzee hushika nyasi. Huinama pembeni mwa kambi, akachuma bua moja lililosimama juani na jingine la chini, kivulini, kisha huyakunja kati ya dole gumba na kidole cha shahada. La juani likivunjika kwa mlio, hunyamaza kidogo. La kivulini likivunjika pia, husema tu, "Leo tutakula mkate na ndizi," na hapo mjadala umekwisha. Moto hautawashwa.

Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo ilikuwa Februari, katika vilima vya Shimba, karibu na mji wa Kwale. Nilikuwa nimebeba nyama na hamu kubwa ya kuota moto usiku. Nilidhani mzee ana woga. Ni Mdigo wa upande wa Msambweni, na sehemu kubwa ya umri wake ameipitisha akiongoza wageni msituni. Nilimuuliza kama kweli mabua mawili yanaweza kumwambia yote hayo. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, kiberiti ni cha mwisho. Itazame siku kwanza." Tangu hapo nimepanda naye mara kadhaa, na kila safari nimeona jinsi nilivyokuwa sijui kazi ambayo nilidhani kila mtu anaijua.

Pwani ya kusini Februari ni mwezi wa kaskazi. Mvua za vuli zimekwisha, za masika hazijafika, na nyasi zilizonenepeshwa na vuli zimesimama zimekauka. Alfajiri mlima huamka na ukungu utokao baharini, na mgeni akigusa hema lililolowa hudhani msitu mzima u maji. Mzee hadanganyiki. Bua jembamba hunywa umande usiku na kuutoa baada ya saa moja au mbili za jua. Gogo nene huchukua wiki nyingi kukauka, na likishakauka, umande wa usiku mmoja haulirudishii ubichi wake. Ndiyo maana nyasi huzipima saa tisa alasiri, joto likiwa bado kali, na gogo huligonga kwa mgongo wa panga asikilize. Lenye maji hutoa sauti nzito, iliyofumba. Kavu hulia kama mbao.

Wataalamu hupima hayo hayo kwa vyombo: joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo, na siku zilizopita tangu mvua ya mwisho. Nchini Australia, tangu Septemba 2022, hatari ya moto hutangazwa kwa daraja nne, na siku zilizo mbaya watu hukatazwa kabisa kuwasha moto nje. Sisi tuna Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, na mzee huisikiliza redioni kabla ya safari. Ikitajwa tahadhari ya upepo mkali, mzigo wa kuni hauondoki nyumbani. Utabiri humpa habari za kaunti nzima. Bua humpa habari za pale aliposimama. Hutumia vyote viwili, na kimoja kikisema hapana, hatafuti cha pili kimpe ruhusa.

Agosti tulirudi. Kusi ilikuwa ikivuma, manyunyu yalikuwa yamepita siku mbili nyuma, na bua la kivulini lilijikunja kama uzi bila kuvunjika. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Ndipo nilipoona kazi yenyewe.

Tulikuwa mahali palipoonyeshwa na askari wa hifadhi, kwenye duara la jivu la wageni waliotutangulia. Hata hivyo hakupaamini papo hapo. Alitazama juu kwanza, akihakikisha hakuna tawi lililoning'inia. Kisha akafagia majani hatua tatu kila upande, akakwangua kwa jembe mpaka udongo mtupu ukaonekana, akapapasa kwa vidole akitafuta mizizi. Mzizi mkavu ni utambi: moto huingia humo, ukatambaa chini kwa chini pasipo moshi, ukaibuka mbali siku nyingine wenye kambi wameshaondoka. Akaupata mmoja, mwembamba kama kalamu. Akapasogeza mahali pa moto hatua moja kwa ajili yake.

Hema langu nililisimamisha upande niliodhani ni salama, upepo ukinijia usoni kutoka baharini. Mzee akaniomba nilihamishe. Mchana upepo hupanda kutoka Diani kuja mlimani; jua likizama hulegea, na usiku hewa ya bara huanza kuteremka kuelekea maji. Anayepanga kambi kwa upepo wa saa kumi hulala kwenye njia ya cheche za saa nne. Nilihama nikiwa na shaka. Saa nne usiku moshi ukageuka, ukapita pale pale hema langu lilipokuwa.

Kuni tulizinunua Kwale mjini, maana ndani ya hifadhi huokoti kuni. Mwembe na mvinje, zilizokatwa urefu wa mkono. Kuni mbichi alizitenga, kwa kuwa maji yaliyomo yakichemka huzipasua na kurusha cheche. Makuti hakuyataka hata kidogo: huwaka kwa fujo, na kipande chake kikiwa bado chekundu hupaa na upepo. Cha kuanzishia alikuwa na karara moja la mnazi alilolipasua vipande vyembamba. Mafiga matatu, na mitungi miwili ya lita 20 iliyojaa maji kando yake, kabla njiti ya kiberiti haijaguswa. Moto wenyewe haukupita goti. Ulipikia wali na samaki, ukatuotesha, na kila mara mmoja wetu alipoinuka kwenda hemani mzee aliuliza ni nani anayebaki nao. Kwake moto hauachwi peke yake, hata kwa dakika moja, kama vile mtoto mchanga haachwi ufukweni.

Uangalifu huu wote una sababu, na iko wazi mbele yako ukisimama Shimba. Msitu na mbuga za nyasi vimepakana, na humo ndimo walimobaki palahala wa mwisho wa Kenya. Wahifadhi wenyewe hutumia moto uliopangwa ili nyasi changa zichipue. Moto ukiwa na mwenyewe ni chombo cha kazi. Usiokuwa na mwenyewe ndio unaoogopwa. Vilima hivi ndivyo vinavyolea chemchemi ya Marere, ambayo maji yake hunywewa Mombasa, na mto Mkurumudzi unaoteremka mpaka Gazi. Nao moto mkubwa hauhitaji mwanzo mkubwa. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo mlimani Kilimanjaro, na wakuu wa hifadhi wakaeleza kuwa ulianza wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Zaidi ya kilomita za mraba 90 ziliteketea. Mzee alipohadithiwa habari hiyo hakuwalaumu wapagazi. Aliuliza upepo ulikuwa unatoka wapi.

Saa moja kabla ya kulala aliacha kuongeza kuni. Alisubiri vinga viishe vyenyewe, akavitawanya, akamimina maji polepole kutoka pembeni kwenda katikati, si kwa pupa, maana maji yakimwagwa kwa kishindo hurusha makaa. Akalikoroga jivu kwa kijiti mpaka likawa kama uji. Akamimina tena. Akayageuza mafiga, kila moja, akanyunyiza maji tumboni mwake palipokuwa pamejificha joto. Ule mlio wa makaa yanayozimika ulipokwisha kabisa, hakuridhika bado.

Nilimuuliza kwa nini hafukii tu kwa mchanga, kama wafanyavyo vijana ufukweni Diani. Uso wake ulibadilika. Mchanga, alisema, ni blanketi: makaa hulala chini yake yakiwa hai mpaka kesho, na asubuhi mtoto hupita peku akicheza. Amewahi kumbeba mmoja hadi hospitali, nyayo zote mbili zimeungua, mahali ambapo kwa macho palikuwa mchanga mweupe safi.

Alfajiri nilimkuta amechuchumaa kwenye lile duara. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, hata bahari haikuonekana. Alikuwa ameuweka mgongo wa mkono wake juu ya jivu, ametulia, kama mtu apimaye homa ya mgonjwa. Akauzamisha mkono mpaka kifundoni, akavigeuza vidole chini humo, akautoa ukiwa mweusi na baridi.

"Sasa funga mizigo," akasema.