Kilio cha Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umesomwa mno kwa sikio la mume. Wapo wausifuo kwa kumfunza mke utii, na wapo waukemeao kwa sababu hiyohiyo. Wote hubishana juu ya beti zilezile za kumpepea na kumpapasa bwana. Je, msichana aliyeusiwa alisikia nini?

Mwana Hashima binti Sheikh alikuwa na umri wa miaka kama 17. Baba yake, Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyeyasumbua majeshi ya Seyyid Said, alikwisha kufa mwaka 1856. Sasa mama, ambaye mwenyewe anasema ameugua mwaka mzima, anamwita aje karibu na wino na karatasi. Mtoto wa rika hilo hahitaji kufasiriwa wito huo.

Katikati ya mawaidha, mama anaacha kufunza. Anamkumbuka marehemu, jinsi walivyoishi kwa wema na jinsi alivyomwachia radhi, kisha anakiri kuwa tangu siku ile hajanyamaza kulia. Aghalabu beti hizi hupitwa upesi, kana kwamba ni ushahidi tu wa ndoa njema. Kwangu mimi moyo wa utendi uko hapo. Mjane anamfunulia machozi yake binti aliyepigwa na msiba uleule, wala hamwambii anyamaze.

Ndiyo maana ningependa utendi huu usomwe hata mbali na pwani. Kwa mfano Tunduma, mpakani na Zambia. Mji ule wa malori na foleni za forodha, ulio katika Mkoa wa Songwe tangu 2016, zamani ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, uliochomwa sana na UKIMWI kando ya barabara kuu hiyo. Kijana wa miaka 16 aliyefiwa huambiwa, “Jikaze, wewe ndiye mkubwa,” naye hukabidhiwa wadogo zake kabla matanga hayajaanuliwa.

Huko Uganda, akina mama wa jumuiya ya NACWOLA walipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, walikuwa wakiifanya kazi ya Mwana Kupona. Lakini vitabu vile humweleza mtoto mzazi wake alikuwa nani. Hapo utendi una upungufu: tunajua mume apokewe vipi, hatujui mama na binti walicheka nini pamoja.

Kiamu chake kitamtatiza msomaji anayesema Kinyamwanga au Kinyiha nyumbani. Basi apewe pembeni Kiswahili cha leo, cha nathari, kisichohangaikia vina. Na mhariri akibanwa na nafasi, apunguze beti za kupepea, zile za mjane aziache zote.