Ugumu Hauko Kwenye Barafu

Anayesikia kwamba pengwini wa Antaktika wanatotolewa na kukuzwa San Diego, kusini mwa California, hukimbilia kuwaza mitambo ya barafu. Mitambo ipo, na bili ya umeme si ya mchezo. Lakini kugandisha chumba ni kazi ambayo kiwanda chochote cha samaki kinaiweza. Bustani ya wanyama ya Edinburgh ilipata kifaranga wake wa kwanza wa pengwini aina ya king mwaka 1919, kutokana na ndege walioletwa kwa meli kutoka South Georgia na kufugwa nje, bila chumba cha baridi. Mtu atasema king si ndege wa barafu kali kama pengwini aina ya Adélie, na ni kweli. Hata hivyo, hata kwa Adélie si baridi iliyowashinda wafugaji.

Tuanze na yai, ambalo kinyume na dhana ya wengi linataka joto. Kwa mzazi hukaa limegusana na ngozi isiyo na manyoya. Kwenye mashine ya kutotolea huwekwa karibu nyuzi 36, chini kidogo tu ya yai la kuku. Mtihani wenyewe ni unyevu. Yai la Adélie huatamiwa takriban siku 35, na katika muda huo linapaswa kupoteza kama asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake, mvuke ukipenya kwenye vitundu vya ganda. Likikauka mno, kifaranga hunata kwenye utando. Lisipokauka vya kutosha, chumba cha hewa hubaki kidogo na kifaranga hukosa pumzi kabla hajatoboa. Basi yai hupimwa tena na tena, na unyevu wa mashine huongezwa au kupunguzwa kwa kuifuata mizani. Mizani hiyohiyo humfuata kifaranga: hupimwa kila asubuhi kabla ya kula, kisha hupewa uji wa samaki na krili uliosagwa pamoja na vitamini, na mlo mmoja hauzidi asilimia 10 ya uzito wa asubuhi ile. Ukimshindilia, atacheua na uji utaingia mapafuni.

Mapafuni ndipo penye hatari kubwa. Hewa ya Antaktika ina mbegu chache mno za kuvu, na ndege wa huko hawana kinga ya maana dhidi ya Aspergillus, kuvu aliyejaa kwenye nyasi kavu na vumbi la miji yetu. Kwa hiyo fedha ya chujio la hewa ina faida kuliko fedha ya barafu ya ziada. Hapa pia ndipo lilipo jibu kwa anayeuliza kwa nini wasiletwe ndege wazima badala ya mayai. Ndege mzima aliyekamatwa hufadhaika, hukataa samaki mfu, na fadhaa humfungulia kuvu mlango. Kifaranga aliye ndani ya ganda bado hajavuta vumbi la uwanja wowote wa ndege. Baadaye hukuzwa na wenzake wa rika moja ili asijione binadamu, na taa za chumbani hufuata kalenda ya kusini, siku ndefu zikiangukia Desemba, la sivyo msimu wa kutaga huvurugika.

Pingamizi zito ni la kuchukua mayai porini, na sioni namna ya kulikwepa kwa kuuita mradi huu uokoaji. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, inayolinda mazingira ya Antaktika, inadai kibali kwa kila ndege au yai, na waliokuzwa hivyo hubaki kwenye bustani. Faida ya ujuzi huu imeonekana kwingine, Afrika Kusini, ambako tangu 2006 shirika la SANCCOB limekuwa likikuza vifaranga wa pengwini wa Afrika kwa mkono na kuwarudisha baharini. Hao hawajui barafu ni nini. Wengi huachwa na wazazi walioanza kubadili manyoya, wasioweza kuingia majini kuvua hadi mapya yaote.