Commodore 64: namba si digrii

Commodore 64 ya mwaka 1982 inasifiwa juu ya michezo. Mimi naisifu juu ya mlango wake wa vifaa vya kuchezea. Unga pale termista, kale kadude kanapitisha umeme zaidi kakipata joto, uichomeke mu udongo: unasoma namba, 0 mpaka 255.

Lakini tusidanganyike. Mashine haipimi joto. Inahesabu tu muda kondansateri inachukua kujaa. Joto likipanda, namba inashuka! Bila kuilinganisha na kipimajoto cha kweli, ile namba ni bure.

Kasoro hiyo ndiyo fundisho lake. Vifaa vya leo vinaandika digrii moja kwa moja, na hatuulizi tena nani alivilinganisha. Tuulize, mbele mkulima apande kwa kuamini namba yetu.